Imepuliziwa Lini?

Ejoka, msikilizaji wangu. Ukiwa Kanamkemer umejinyoosha chini ya mwarobaini, ukiwa Kakuma umepanga mtungi wako kwenye foleni ya bomba, ama uko ndani ya matatu inayoacha vumbi nyuma ya Lokichar, nakusalimu. Jioni ya leo nimekuja na habari ya nyanya.

Jumamosi moja, wiki chache zilizopita, nilinunua nyanya hapa Lodwar. Nzuri kwa macho: nyekundu, ngumu, saizi moja, zimepangwa mafungu ya nne nne na ya tano imekaa juu kama kofia. Nilipofika nyumbani nikazimwaga kwenye karai, nikaona pale kwenye kikonyo, mahali zilipokuwa zimeshikana na mti, pamekaa unga. Mweupe unaoelekea kibuluu, umegandamana kama chokaa ya ukutani. Nikaupangusa kwa kidole gumba, haukutoka. Nikatia maji, ukatoka nusu. Mpwa wangu wa miaka minne alikuwa ameshajichukulia moja, ameifuta kwenye kaptura yake, anaing'ata.

Unga ule si vumbi la njiani. Wakulima wanaujua: ni dawa ya ukungu, ile inayokorogwa kwenye pampu ya mgongoni na kupuliziwa nyanya msimu wa mvua ili majani yasiungue. Nikamnyang'anya mtoto nyanya, akalia, nikarudi sokoni nikiwa na hasira zangu.

"Mama, nyanya hizi zimetoka wapi?"

"Kitale."

"Zimepuliziwa lini?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa umri wa lori. Kisha akacheka. "Kastoma wangu, mimi nimezipokea saa kumi na moja alfajiri zikishuka kwenye gari. Hayo ya kupuliziwa kamuulize dereva."

Hakunijibu vibaya, alinieleza ukweli. Kutoka Kitale hadi hapa ni karibu kilomita 300. Nyanya imetoka kwa mkulima ikaenda kwa broka, kwa broka ikaenda kwa mpakiaji, ikapita Kapenguria, ikashuka Marich, ikavuka Kainuk, ikamfikia mwenye jumla, ndipo yeye mama akapata kreti yake moja. Kila mkono uliopita umeongeza shilingi kidogo na kupunguza habari kidogo. Ikifika kwenye sufuria yako, bei imekamilika na habari imekwisha.

Sasa nikueleze kinachotokea shambani, maana wengi wetu huku ni watu wa mifugo, mambo ya pampu ya mgongoni tunayasikia tu. Kila chupa ya dawa ya shamba ina karatasi yake, na kwenye karatasi hiyo kuna mstari unaotaja siku za kusubiri. Ukishapuliza, usivune mpaka siku hizo zipite. Kuna dawa za siku tatu, za siku saba, za wiki mbili, na za zaidi ya hapo. Siku hizo ndizo zinazovipa jua, hewa na mmea wenyewe nafasi ya kuivunja ile dawa. Maneno hayo ukiyasoma yamekaa sawa kabisa. Lakini nyanya haiivi siku moja kama mahindi. Inaiva kidogo kidogo kwa wiki nyingi, na mkulima anachuma kila baada ya siku tatu au nne. Karatasi inasema ngoja siku saba. Broka anapiga simu anasema gari linapakia Alhamisi. Nyanya nazo zimeshaiva, zikikaa siku mbili zaidi zitapasuka. Hebu niambie, hapo nani atashinda?

Sukuma wiki ni hivyo hivyo. Unachuma majani ya chini leo, wiki ijayo unachuma yanayofuata, na vidukari havina kalenda.

Simlaumu mkulima wa Kitale. Ana karo ya kulipa kama wewe. Ninachosema ni kwamba mkulima huyo huyo wa Kenya akilima mishiri ya kupeleka Ulaya, mambo hubadilika ghafla. Mishiri inapimwa. KEPHIS, wakaguzi wa serikali wa mimea, wanaiangalia, mnunuzi anaiangalia, ikitua huko inaangaliwa tena. Miaka ya 2012 na 2013 Wazungu walipokuta masalia ya dawa kwenye mishiri yetu, waliongeza ukaguzi, mizigo ikazuiliwa, wakulima wakapata hasara, na kampuni zikajifunza haraka kuandika kila siku ya kupuliza kwenye daftari. Kwa hiyo daftari linawezekana! Kusubiri kunawezekana! Ila daftari hilo linaandikwa kwa ajili ya sahani ya mtu wa London. Sukuma inayopanda lori la Lodwar haina daftari, kwa sababu sisi hatujawahi kuuliza.

Na usidhani haya ni maneno ya watu wa redio tu. Gladys Shollei, mwakilishi wa wanawake wa Uasin Gishu, alipeleka Bungeni mwaka 2019 ombi la kutaka dawa hatari za shamba ziondolewe Kenya. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba baadhi ya dawa hizo zimepigwa marufuku kule kule zinakotengenezwa. Ulaya, kwa mfano, iliacha kuiruhusu klopirifosi mwaka 2020 kwa kuhofia ubongo wa watoto wadogo. Huku kwetu mambo yalikwenda mwendo wa ngamia mgonjwa, na ni mwaka 2025 ndipo serikali ilipotangaza kuziondoa sokoni dawa kadhaa na kuzibana nyingine. Nashukuru. Lakini tangazo la Nairobi halioshi nyanya iliyoko kwenye karai langu.

Ndiyo maana leo nataka kukushawishi uchague chakula cha organiki pale unapoweza kuchagua. Kiswahili kina jina lake zuri, kilimo hai, na jina hilo likaunganishwa likawa nembo: Kilimohai. Ni nembo ya Afrika Mashariki yote, iliyozaliwa mwaka 2007 pamoja na viwango ambavyo nchi zetu zilikubaliana. Ukiiona kwenye pakiti, maana yake mkulima hakutumia mbolea za viwandani wala dawa za kemikali za viwandani, na kuna watu waliokwenda shambani kuhakikisha. Nimeiona Nairobi, kwenye maduka yenye viyoyozi. Kwenye meza za mbao za Lodwar sijaiona bado.

Watu wengi wakisikia organiki wanasema, "Aa, ya kienyeji." Hapana, tusichanganye. Kienyeji ni asili ya mbegu au ya mnyama, organiki ni namna ya kumlea. Kunde ni mboga ya kienyeji, lakini kunde iliyopigwa dawa jana ina dawa kama kabeji tu. Hata kuku wa kienyeji siku hizi kuna yule anayetoka kwenye mashine ya kuangulia akiwa na siku moja, akakulia kizimbani kwa chakula cha gunia, kisha akauzwa kwako kwa bei ya kuku aliyekimbia na mwewe maisha yake yote. Jina ni lile lile, maisha mbalimbali.

Tukija kwenye maisha, msikilizaji, hebu mtazame mbuzi wa Turkana. Asubuhi ametoka bomani, amekula maganda ya ewoi, amekula majani ya edome, ametembea mpaka kwato zikachoka, jioni amerudi. Hajui gunia la chakula likoje. Akiugua huenda akachomwa sindano, kweli, na kupe wakizidi huenda akapigwa dawa, lakini maisha yake kwa jumla ni yale ambayo watu wa nchi tajiri wanayalipia bei mara mbili wakiyaona yameandikwa kwenye pakiti. Sisi tunayaona yakivuka barabara tunapiga honi.

Halafu kuna mtama. Ng'imomwa. Kabla ya skimu yoyote ya umwagiliaji, akina mama wa Kiturkana walikuwa wakipanda mtama kandokando ya Turkwel na Kerio, mafuriko yakishapungua na kuacha tope. Mbolea ilikuwa lile tope. Mto uliileta bure. Bwawa la Turkwel lilipokamilika mwaka 1991 mafuriko yakabadilika, na mashamba mengi leo yanategemea mifereji, lakini mtama bado upo, na mama aliyerithi kipande chake mtoni bado anakijua kwa jina. Nakuuliza, mara ya mwisho ulinunua lini mtama wa mtoni? Tunakula unga wa mahindi wa pakiti kutoka bara na mtama tunawaachia wazee na kuku. Nami nimo kwenye hatia hiyo, simnyooshei mtu kidole.

Sitaki kukudanganya eti kila kinachotoka Turkwel ni kisafi kwa sababu kimetoka kwetu. Nilipita Katilu nikamkuta mzee mmoja ameinama kwenye mahindi yake. Viwavijeshi. Tangu wadudu hao wageni waingie Kenya mwaka 2017, mahindi hayajapata amani. Pembeni ya mfereji palikuwa na chupa ya dawa imelala, kizibo hakipo, na maji ya mfereji yanapita hatua mbili kutoka hapo. Nikamwuliza mzee anapuliza mara ngapi. Akasema, "Nikiwaona." Nikamwuliza karatasi ya chupa inasemaje. Akanionyesha. Maandishi ni madogo kama chawa, ni ya Kiingereza, na nusu yake imefutika. Mzee yule hakusoma. Tumlaumu kwa lipi?

Kilichoniuma ni kitu kingine. Hatua kama hamsini kutoka kwenye shamba lake kulikuwa na boma la zamani la mbuzi, na samadi imelala pale, nyeusi, kavu, inakufika magotini. Miaka na miaka ya samadi! Mzee alikuwa ametumia pesa kununua mbolea ya mfuko ilhali amekaa juu ya benki. Nikamwambia. Akasema ya mbuzi inaunguza mimea. Ni kweli inaunguza, ikiwekwa mbichi. Ikilowekwa, ikafunikwa, ikageuzwa kila wiki mpaka iache kutoa joto na harufu, inakuwa chakula cha udongo. Kaunti nzima ya wafugaji inayoagiza mbolea kutoka ng'ambo ni sawa na mvuvi wa Kalokol anayenunua samaki wa kopo.

Na mwarobaini je? Huo mti uliokaa chini yake sasa hivi unanisikiliza. Lodwar na Kakuma tumeupanda kila mahali kwa ajili ya kivuli. Matunda yake yanaanguka, mbuzi wanayakanyaga, sisi tunafagia. Mwaka 1959 mtaalamu wa wadudu wa Kijerumani, Heinrich Schmutterer, alikuwa Sudan wakati nzige walipovamia. Wakala kila kitu. Aliona mti mmoja tu umebaki na majani yake, mwarobaini. Nzige walitua, wakaondoka bila kula. Kutokea hapo wanasayansi wakaanza kuuchunguza kwa bidii. Sisi Turkana mwaka 2020 tulipovamiwa na nzige wale wale wa jangwani, na dawa zikapulizwa kwa magari na ndege, miarobaini ilikuwa imesimama kwenye nyua zetu. Sisemi ingewashinda nzige wa mawingu yale. Nasema kwa vidukari vya sukuma inasaidia.

Chukua kalamu kama unalima. Okota mbegu zilizoanguka, menya, kausha kivulini, si juani. Twanga kiini. Kwa kila lita ya maji, gramu hamsini hivi za unga huo, yaani konzi ndogo. Loweka usiku kucha. Asubuhi chuja kwa kitambaa, ongeza sabuni kidogo ya kipande ili ishike kwenye majani. Ngoja jioni ndipo upulize, kwa sababu jua huivunja haraka. Usitarajie kuona wadudu wakianguka hapo hapo kama kwa dawa ya dukani. Wadudu waliopuliziwa mwarobaini hawafi kwa kelele. Wanakosa hamu ya kula, wanashindwa kujivua ngozi wakakua, na siku kadhaa baadaye unaona shamba limetulia. Wakulima wengi huiacha siku ya pili wakisema haifanyi kazi.

Sasa tupande gari twende Kakuma, mwendo wa kilomita 120 hivi. Huko ndiko nilikojifunza zaidi, na wala sikutarajia.

Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilianza mwaka 1992, na Kalobeyei ikafunguliwa jirani yake mwaka 2016. Mtu akikuambia kwamba pale, kwenye jua lile na udongo ule, kuna mboga nzuri kuliko za lori, utamwona mwongo. Nilikaribishwa kwenye ua wa mama mmoja Mkongomani, Kalobeyei. Bustani yake haijainuliwa kama matuta ya bara. Imezamishwa. Amechimba mashimo ya mstatili, kila moja kina cha goti, urefu wa kitanda, akachanganya udongo na samadi, akaurudisha mpaka nusu, kwa hiyo mboga zinaota chini ya usawa wa ardhi. Upepo wa moto unapita juu yake. Maji anayomwaga hayana pa kukimbilia. Na maji yenyewe ni yapi? Ni yale aliyooshea mboga na mchele, amekinga kwenye beseni. Tone halipotei.

Mbolea anainunua kwa gunia kutoka kwa mama wa Kiturkana anayekaa ng'ambo ya laga. Wameelewana kwa Kiswahili cha mikono. Mwenyeji ana mbuzi wengi hana bustani, mgeni ana bustani hana mbuzi. Mikutano mingi ya upatanisho nimehudhuria, yenye mahema na soda, na hakuna niliyoiona ikifanya kazi kama lile gunia la samadi.

Nikamwuliza swali langu. "Mama, hizi umezipulizia nini?"

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Dawa? Miye sina dawa, mwanangu. Dawa ni mikono."

Akanionyesha. Alfajiri kabla jua halijachomoza anapita kitalu kwa kitalu akigeuza majani, anawatoa viwavi kwa vidole, anawatia kwenye kopo la maziwa, kisha anawamwagia kuku. Vidukari anavinyunyizia majivu. Jani lililougua analing'oa na kulizika mbali. Vitalu vinne, dakika ishirini za asubuhi. Majani yake yalikuwa na matobo hapa na pale, kama nguo iliyopita kwenye miiba. Alipoona nayaangalia matobo akasema, "Mdudu naye anaonja. Akikataa, na wewe kataa."

Alikuwa ameotesha mboga gani pale? Yeye aliziita lengalenga. Jirani yake, Mkenya wa kutoka bara anayefanya biashara Kakuma, alikuja kununua akaomba terere. Mimi nilikuwa nimeshasema mchicha. Jani moja, majina matatu, na wote tukaondoka na fungu. Kitalu cha pili kilikuwa na mrenda, na wateja wake wakubwa ni Wasudani Kusini, wenyewe wanaita kudra. Bila kusafiri hata kilomita moja, mboga zile zilikuwa zimefika nchi tatu.

Hapo msikilizaji mmoja, namjua, ameshachukua simu ananiandikia: "Wewe unayesema organiki, unajua mgao wa chakula wa wakimbizi umefika wapi?" Najua, ndugu yangu. Mwaka 2025 mgao wa Kakuma ulikatwa vibaya, na mwenye njaa hana nafasi ya kuulizia karatasi ya chupa. Huku upande wa wenyeji, ukame wa mwaka 2020 hadi 2023 ulikula mifugo ambayo ndiyo ilikuwa benki ya watu. Mtu wa namna hiyo akipata nyanya yenye unga mweupe ataiosha na kuila, na atakuwa amefanya la busara. Nikimwambia aiache nitakuwa mpumbavu.

Lakini kumbuka Bamba Chakula. Mwaka 2015 mkimbizi wa Kakuma alianza kupata sehemu ya mgao wake kwa simu, akanunue mwenyewe dukani, badala ya kupimiwa kila kitu kwenye bakuli. Watu walisema hizo ni hesabu tu za mashirika. Mimi naona kilichobadilika ni kwamba mtu alipewa kauli. Mwenye kupimiwa hawezi kusema "hii sitaki." Mwenye kununua anaweza, hata akiwa na shilingi ishirini. Kauli hiyo sasa imepungua pamoja na mgao, lakini haijakwisha, na kwetu sisi wenye mishahara, wenye maduka, wenye hoteli za Lodwar zinazopika mboga sufuria tatu kwa siku, haijapungua hata kidogo. Naanza na sisi. Mwenye hoteli anayenunua magunia ndiye anayeweza kubadilisha anachopanda mkulima wa Napuu, hapa jirani, kuliko mimi na fungu langu moja.

Na bei? Mboga ya mikono haiwi ghali kila mara. Lengalenga ya Kalobeyei niliinunua bei ile ile ya sukuma ya lori, na ilikuwa imechumwa nikiangalia. Gharama ya gari na broka haimo ndani yake. Tena lori si la kuaminika kiasi hicho. Novemba 2019 mvua iliporomosha milima ya Pokot Magharibi, watu wakafa, madaraja yakasombwa na barabara ya Kitale ikakatika. Siku zile mboga ya karibu ndiyo iliyokuwa mboga.

Ngoja niseme na upande wa pili, nisije nikaonekana mhubiri. Organiki haimaanishi salama moja kwa moja. Mwaka 2004 watu 125 walikufa Makueni, Kitui na maeneo ya jirani kwa kula mahindi yaliyoota ukungu wenye sumu. Sumu ile haikutoka dukani, ilitengenezwa na ukungu wa asili kwenye nafaka iliyohifadhiwa ikiwa na unyevu. Kwa hiyo mtama wako wa mtoni ukaushe sawasawa. Na mboga isiyopuliziwa dawa lakini imemwagiliwa maji ya mtaro ni kipindupindu kilichovaa kijani. Samadi mbichi kwenye majani yanayoliwa mabichi, pia hapana. Osha. Osha hata za mama wa Kalobeyei.

Unga mweupe kwenye nyanya pia usikufanye hodari sana. Nyanya yenye unga inakuonyesha dawa yake. Kuna dawa nyingine hazionekani, zinaingia ndani ya mmea na kuzunguka na maji yake, na hizo hakuna chumvi wala siki itakayozitoa. Ndiyo sababu nasema swali kwa mwuzaji linafaa kuliko jicho kwenye nyanya.

Basi tufanyeje bila nembo na bila maabara? Viwango vya Afrika Mashariki vinakubali njia moja ambayo nadhani iliandikwa kwa ajili ya watu kama sisi. Wakulima wanajiunga kikundi, wanakubaliana masharti, wanakaguana wao kwa wao, na wanunuzi nao wanaalikwa kwenda shambani kuona. Wanaiita dhamana shirikishi. Haihitaji mkaguzi wa kukodishwa kutoka mbali kwa pesa nyingi. Inahitaji watu wanaojuana na wanaoogopa kuaibishana, na Mturkana akiwa na boma lenye jina, aibu anaijua. Mtandao wa kilimo hai wa Kenya, KOAN, umekuwa ukivisaidia vikundi vya namna hiyo sehemu nyingine za nchi. Sioni kwa nini vikundi vya akina mama wa Napuu, wa Turkwel na wa Kalobeyei wasianze. Lakini kikundi hakitajisumbua kama hakuna mnunuzi anayeuliza. Mkulima halimi majibu ya swali ambalo halijaulizwa.

Mimi baada ya ile siku nimekuwa nikiuliza kila Jumamosi, swali lile lile, meza ile ile. Wiki ya kwanza mama mboga alicheka. Wiki ya pili alinikwepa, akajifanya anahesabu chenji. Jumamosi hii iliyopita nikamkuta ametenganisha meza yake kwa kipande cha kadibodi. Upande mmoja nyanya za lori, zinang'aa. Upande wa pili mafungu ya kunde na mchicha, mengine yametobolewa tobolewa.

"Hizi ni za Napuu," akaniambia kabla sijafungua mdomo. "Nimempigia mwenyewe simu."

Nikanyoosha mkono kwenye fungu la kunde. Akauzuia.

"Hizo wacha. Anasema amepuliza Alhamisi. Beba mchicha, kunde uje Jumamosi ijayo."